Chumvi ya Mkono Wangu

Bhandroli,
Mwezi wa Magh, theluji ikiwa bado juu ya paa.

Kwa kaka yangu Mehar Singh,

Nagusa miguu yako kwa heshima, maana wewe ni mkubwa wangu, na ugomvi wetu haujabadilisha nani alitangulia kuzaliwa. Natumaini goti lako la kushoto limetulia kwa baridi hii, na kwamba hupandi ngazi za hekaluni bila fimbo kwa ajili tu ya kuwaonyesha watu kuwa bado u kijana. Wifi yangu je, mgongo? Mwambie yale mafuta ya kokwa niliyompa ayapashe moto kwanza, si kupaka hivi hivi halafu anasema hayafai. Wanao wote nawasalimu, hasa yule mdogo, kwa kuwa ndiye pekee anayenipigia simu bila kukuomba ruhusa.

Sisi huku ni wazima. Kedar, shemeji yako, anakohoa kidogo kwa moshi wa kuni mbichi. Mitufaha yetu imelala chini ya theluji nene, naye kila asubuhi huenda kuitazama akitabasamu peke yake, maana mwaka wa theluji ni mwaka wa tufaha. Na mimi ni mzima, kaka, mzima kuliko nilivyowahi kuwa kwa muda mrefu. Umeniuliza kupitia kwa Mzee Shurbir kama nimepatwa na wazimu, kwa hiyo nimeona nianze na habari za afya.

Mzee Shurbir alifika Jumatatu, ametota theluji mpaka magotini. Ni mkuu wa vijiji vyetu na ni mtu mzima, nikamwekea kiti karibu na moto, nikampa chai na njugu za jozi za kumenya. Akala, akanywa, kisha akautoa ujumbe wako bila kuona haya. Alisema unaniamuru nishuke mjini kabla ya Alhamisi, siku ya mwisho ya wagombea kujitoa, nikaliondoe jina langu. Halafu nije kwenye mkutano wako nikuvishe shada la maua kwa mikono yangu mwenyewe, watu wapige picha. Alisema tiketi ya chama umepewa wewe, kiti ni chako, mimi nilikuwa nimekishikilia tu, na kwamba niliapa kukirudisha; nikikaidi nitayeyuka kama chumvi kwenye maji. Alipofika kwenye neno hilo la chumvi alishusha sauti na kutazama pembeni, kama mtu anayeona haya kumwona mwenzake uchi.

Alinipa na habari nyingine ambayo hukumtuma. Alisema ile lota ya shaba ya nyumba yetu, kile chombo cha maji ya viapo, yenye kishimo ubavuni tulipoiangusha mimi na wewe utotoni, imetoweka kwenye kishubaka chake, na kwamba umewagombeza watu wote wa nyumbani na sasa unamshuku dereva. Pole kwa hilo. Na habari ya tatu hakuisema, niliiona mwenyewe: alikuja mikono mitupu. Kila sikukuu ya Magh tangu niolewe, mbuzi akichinjwa kwetu, fungu langu la nyama hufika hapa. Mwaka ule barabara ilipoporomoka ulilibeba wewe mwenyewe mgongoni, ukafika midomo imepasuka kwa baridi, ukamwambia Kedar, "Binti wa nyumba hakosi fungu lake, hata mlima ukigoma." Mwaka huu umelizuia, tena umetangaza uwanjani kwamba asiyetambua nyumba hana fungu nyumbani. Nililia, kaka. Sikufichi. Nililia mbele ya Mzee Shurbir, naye akadhani amenishinda, akajimiminia chai nyingine.

Sasa nisikilize mimi.

Unauliza kila unayekutana naye ni nani aliyenitia kiburi. Ni wewe. Nilikuwa mwalimu wa watoto wadogo hapa Bhandroli, mikono imejaa chaki, sina haja na kiti cha mtu. Wewe ndiye uliyekuwa mbunge katika bunge la jimbo, na wewe ndiye uliyekipoteza kiti kwa tamaa ya kushinda zaidi ya ulivyokwisha kushinda. Uliwakusanya wanaume wa vijiji, ukawaweka mbele ya lota ya maji, kila mmoja akatia chumvi na kuapa kwamba atakupigia kura, na asipofanya hivyo mungu wetu Mahasu amyeyushe yeye na uzao wake. Mpinzani wako akamtuma mtu na simu ndani ya kofia. Mahakama ikasema kumtisha mpigakura kwa ghadhabu ya mungu ni kosa, ikafuta ushindi wako na kukufungia kugombea miaka sita. Bonde zima lilishangaa. Huku kwetu chumvi na maji ndiyo hati, ndiyo polisi, ndiyo hakimu, na hakuna aliyewahi kusikia kwamba kuna mahakama nyingine iliyo juu yake.

Ndipo ukatuita chumba cha juu, Mzee Shurbir akiwa shahidi. Ukasema kiti hakiwezi kutoka nje ya nyumba, wifi anaogopa watu, watoto bado wadogo, basi Anandi. Mimi hukuniuliza kama nataka. Uliniuliza kama nina sari ya kutokea hadharani. Kisha ukaagiza lota iletwe, ili niape kwamba kifungo chako kikiisha nitakirudisha kiti. Mimi, kwa ujinga wangu, nilinyoosha mkono kuchukua chumvi. Unakumbuka ulivyofanya? Ulinisukuma mkono, wala si kwa ubaya, kama mtu anayemwondoa mtoto karibu na jiko. Ukasema, "We Anandi, toka hapo. Hii si sufuria. Kedar, njoo umwapie mkeo." Mama alikuwa mlangoni ameshika sinia ya mikate. Kedar alikuwa anakuogopa siku zile kama tulivyokuwa tunakuogopa sote, akaja, akatia chumvi, akaapa kwa kinywa chake kuhusu mambo yangu. Mimi nikapokea sinia kwa mama.

Kwa hiyo unapomtuma mzee wa watu kupanda mlima kuniambia kwamba niliapa, kumbuka vizuri. Sikuapa. Ulinikatalia.

Mwanzo nilikuwa mbunge wako mtiifu, lazima ukiri. Kwenye mabango picha yako ilikuwa kubwa kuliko yangu, mimi nimesimama chini kwenye kona kama mtu anayeuza dawa. Bungeni Dehradun ulikuwa unanipigia simu, unaniambia lini niinue mkono na lini niuteremshe. Wenzangu waliligundua hilo upesi. Walinibatiza jina, Mheshimiwa Simu. Nikipita kwenye veranda wanasema, "Mheshimiwa Simu, leo mtandao upo?" Wanacheka, nami nacheka nao, halafu nakwenda kukaa chooni mpaka macho yakauke. Hilo sikukuambia kamwe, kwa kuwa nilijua ungesema, "Sasa unalia nini, mshahara si unaupata?"

Kilichonibadilisha ni vidole vya Jhano Devi. Unamjua, yule mama wa ng'ambo ya mto aliyekuwa akitembeza maziwa. Wakati ule bado walikuwa wanavuka kwa kile kikapu cha chuma kinachoning'inia kwenye waya, mtu anajivuta kwa kamba mwenyewe juu ya maji. Asubuhi moja kapi, kile kigurudumu cha kamba, ilimnasa, ikachukua vidole viwili. Nilikwenda kumwona hospitali. Nilitegemea atanilaani. Badala yake aliniuliza kama nimekula, kisha akasema, "Binti yangu, hivi huko bungeni mnazungumzaga nini? Au mnakula tu karanga na kusikiliza?" Nilikuwa nimekaa bungeni mwaka mzima, na kweli karanga nilikuwa nimekula nyingi.

Nikaandika swali kuhusu daraja la pale. Ukanipigia simu, ukasema nisiliulize, kwa sababu mkandarasi ni rafiki yetu na ndiye aliyelipia mabango. Nikakuambia nimesikia. Kusikia nilisikia. Siku ilipofika nikaizima simu, nikasimama, nikauliza. Waziri akajibu kwa furaha kwamba daraja hilo limeshakamilika na watu wanavuka. Nikamwambia basi namkaribisha kwa heshima zote aje avuke, mimi nitamshikia viatu ng'ambo hii, na mjane wake nitamtunza kama ndugu yangu. Bunge zima lilicheka, hata upande wake. Spika alitaka kunikemea lakini naye alikuwa ameficha uso kwenye kitambaa. Hakuna aliyeniita Mheshimiwa Simu tena baada ya siku ile. Nililiandama lile daraja mpaka likajengwa, na Jhano Devi alikuwa mtu wa kwanza kulipita, na mtungi wake wa maziwa kichwani, akinung'unika kwamba tumelijenga jembamba.

Wewe hukufurahi. Ulikuja ukasema nimekuvunjia heshima kwa rafiki zako. Nikakupikia, ukala.

Halafu ikaja habari ya hoteli. Serikali ilipotikisika, chama kilitubeba wabunge wote kwa basi mpaka hoteli moja huko tambarare, wakatufungia na kutunyang'anya simu, ili tusinunuliwe na upande wa pili. Tulikuwa kama mbuzi kabla ya Magh: tunalishwa vizuri na mlango una kufuli. Wewe ulipenyeza ujumbe kwa mpishi, ukitaka nitoroke nihamie upande wa pili, kwa kuwa walikuahidi uwaziri kifungo chako kikiisha. Mpishi aliniletea maneno yako pamoja na dengu. Nilimrudisha na sahani. Sikukataa kwa sababu nakipenda chama, kaka, chama hiki ndicho kilichonitupa juzi kama ganda la ndizi. Nilikataa kwa sababu nilikwenda kwenye vijiji vile mwenyewe, nikawatazama watu usoni, nikawaambia nitakaa upande fulani. Nilikaa. Serikali ilinusurika kwa kura chache, na moja ya kura hizo ilikuwa ya dada yako.

Basi kifungo chako kimekwisha. Hukunipigia hata simu moja kuniuliza nimefanya nini na bonde hili. Ulikwenda moja kwa moja kwa wakubwa wa chama, ukasema mwenye kiti amerudi. Wao wakaniita, wakanipa chai na kunisifu. Wakasema nimekaa vizuri sana, kama nilikuwa nasubiri basi. Nikawauliza nimewakosea nini. Mmoja akasema, "Hujakosea kitu, dada yetu, lakini si unajua kakako yupo?" Nikatoka pale nikaenda kuchukua fomu ya mgombea binafsi. Alama niliyoomba ni mtungi wa gesi. Cheka upendavyo. Mtungi wa gesi kila mwanamke wa bonde hili ameubeba mgongoni.

Tena ukafanya lilelile lililokufunga. Usidhani sijui. Uliwaita wakuu na wanaume wa vijiji vyote nyumbani kwetu, safari hii ukawa mjanja, ukaweka kapu la nafaka mlangoni na kila mtu akaacha simu yake humo. Na kofia pia. Mzee Shurbir alinisimulia kwa kujivuna, jozi zangu mdomoni mwake. Alisema walitia chumvi mmoja mmoja, kila mkuu akaapa kwa niaba ya kijiji chake chote, kila mwanamume kwa niaba ya nyumba yake, na kwamba bonde zima sasa limefungwa, hakuna kura hata moja iliyobaki nje ya lota. "Umeachwa peke yako, mwanangu," akaniambia, na nadhani alinihurumia kwa dhati. "Jitoe kwa heshima, uepuke aibu."

Nikamuuliza siku hiyo wanawake walikuwa wapi. Akanitazama kama niliyeuliza ng'ombe walikuwa wapi. Akasema, "Jikoni, watakuwa wapi tena? Wageni wote wale wangekula nini?"

Unaona ulipokosea, kaka? Umehesabu kura maisha yako yote, lakini jikoni hukuhesabu. Vijana wetu wako viwandani huko tambarare, na wanaume wengi hawarudi kwa ajili ya kura. Wanaobaki kupanga mstari kwenye theluji ni wanawake. Kila uchaguzi ni wao. Nawe uliwaweka nyuma ya ukuta, wakikupikia, ukawaapisha waume zao. Jhano Devi naye alikuwepo siku hiyo, akikanda unga kwa vidole vyake vilivyobaki. Alipokuja kunieleza alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. Alisema, "Wao wameapa, waache waape. Chumvi yetu sisi ilikwenda kwenye nyama." Akasema hakuna mwanamke hata mmoja aliyeulizwa, na asiyeulizwa hajajibu. Akasema mumewe ameiapia kura yake mwenyewe, na aende akaipige, hana ugomvi naye.

Najua utasema nini. Utasema hata kama sikuapa mimi, Kedar aliapa, na laana itampata yeye. Hilo ndilo lililoninyima usingizi miezi yote hii, wala si tiketi yako. Ni mume wangu, sina mwingine wala simtaki mwingine. Kila mvua ya mawe ilipopiga mitufaha nilimwona akinitazama. Nilikuwa tayari kujitoa kwa ajili yake, kaka. Nakuambia kweli tupu: wiki iliyopita nilikwisha kufunga sanduku langu ili nishuke mjini.

Ni yeye aliyenizuia. Alikuwa ameondoka alfajiri bila kuaga, amekwenda hekaluni peke yake kwa miguu. Alimweleza kuhani kwamba aliapa kwa kitu kisicho chake, kama mtu aliyeahidi kumuuza ng'ombe wa jirani. Akaambiwa atoe mbuzi, na aliseme kosa lake mbele ya mtu aliyesikia kiapo. Mbuzi amemtoa, yule mweusi aliyempenda. Na kosa amelisema, mbele ya Mzee Shurbir, kwenye uwanja wa Mzee Shurbir mwenyewe, watu wakisikia: "Nilimwapia mke wangu kama vile hana mdomo. Mdomo anao. Nimeomba radhi kwa Mahasu, na sasa namwomba yeye." Bila shaka mzee hakukufikishia hilo. Aliona labda si sehemu ya ujumbe. Kedar aliporudi alilifungua sanduku langu, akarudisha nguo zangu moja moja kwenye kabati, halafu akauliza kama kuna chai.

Kwa hiyo, kaka, hakuna chumvi ya mtu yeyote iliyo juu yangu. Ningeweza kuishia hapo na kukuambia nimeshinda kwa sheria zako mwenyewe. Lakini sitaki kupita kwenye upenyo kama panya. Ndiyo sababu ya barua hii.

Juzi asubuhi, jua likiwa limetoka na barafu inadondoka kwenye mihimili ya daraja la Jhano Devi, wanawake wa bonde walikuja. Sikuwaita. Walitoka pande zote mbili, wengine na watoto mgongoni, wengine na mundu kiunoni kwa kuwa walikuwa wakienda kukata majani ya ng'ombe. Niliona katikati yao lota ya maji, nikashtuka, nikawaambia hapana, mimi siapishi mtu, sitaki kura ya kuogopesha, kakangu alifungiwa kwa jambo hilo hilo. Jhano Devi akaniambia, "Nani kakwambia tunaapa sisi? Sisi tumechoka kuapishwa. Leo anaapa anayetaka kura."

Tangu bonde hili liwe bonde, mgombea ndiye anayeshika lota na mpigakura ndiye anayetia chumvi. Hatukuwahi hata siku moja kufikiri kwamba inaweza kwenda upande wa pili. Nikanyoosha mkono. Safari hii hakuna aliyeusukuma. Nilichukua chumvi kwa vidole vyangu mwenyewe, nikaitia majini, nikasema kwa sauti kwamba sitajitoa, si Alhamisi, si siku yoyote, si kwa tiketi, si kwa uwaziri, si kwa machozi ya mtu wa damu yangu. Na kwamba nikishinda nitakaa upande wao, na nikishindwa nitabaki hapa hapa mbele ya macho yao. Nikisema uongo, niyeyuke. Tuliitazama chumvi mpaka ikaisha. Kisha maji yakamwagwa mtoni.

Sasa umeelewa kwa nini siwezi kuja kukuvisha shada. Hata ukilia mlangoni kwangu siwezi. Nimejifunga mwenyewe, na ni mara yangu ya kwanza kufungwa na kitu nilichokichagua.

Kura ni zako na zangu kugombania, tukutane uwanjani, na mwenye nguvu apishwe na mwenzake. Ukishinda nitakuwa wa kwanza kuja kukugusa miguu. Ila ujue nitakuwa nimekaa jukwaa la wasikilizaji bungeni nikikusikiliza kila neno, na karanga mkononi. Na siku ya uzi wa ndugu nitakuja kukufunga uzi kwenye kifundo cha mkono kama kila mwaka, niwe mbunge au niwe mkulima wa tufaha. Ukinifungia mlango nitaufunga kwenye komeo, na utalazimika kuukata wewe kwa kisu chako. Sidhani utaweza.

Wasalimie wote nyumbani. Dereva mwombe radhi kwa niaba yangu, hajaiba kitu.

Huenda umeshangaa, tangu mwanzo wa barua sikukuuliza habari za mama. Sikuuliza kwa kuwa ninazo. Hakuwa kwa dada yake kama alivyokuaga. Alikuwa hapa kwangu. Alikuja kwa gari la maziwa, amejifunga shali mbili, na ndani ya shali hizo alikuwa na lota yetu ya shaba na fungu langu la nyama, lile la paja, limefungwa kwa kitambaa chake cha kichwa. Ni yeye aliyeishika lota pale darajani. Ilikuwa nzito kwa uzee wake, lakini hakukubali apokewe. Aliwaambia wanawake, "Nimewapikia wageni wa mwanangu maisha yangu yote na nitaendelea, ni mwanangu. Lakini nilisimama mlangoni na sinia siku ile, nikaona mkono wa binti yangu unasukumwa, na mimi sikusema neno. Leo namshikia maji."

Amenikataza nisikufiche. Amesema ukiuliza nani, nikuambie ni mama yako.

Kusoma hajui, lakini kila neno lililo humu nimemsomea, na mahali pawili amenifanya niandike upya kwa kuwa nilikuwa mkali kupita kiasi. Lota iko chini ya shali yake, anairudisha kwenye kishubaka. Kedar amemsindikiza mpaka langoni kwako, naye Kedar yuko hapo nje, haingii mpaka umwite. Barua hii umeipokea mkononi mwake mama, kaka, na nadhani umeanza kuisoma bila hata kumwambia aketi. Sasa inua macho. Mpe kiti karibu na moto, mpe chai, na usimuulize kitu mpaka amalize kunywa.

Ni mimi dada yako mdogo, ninayekupenda na nisiyejitoa,

Anandi Tomar
Mgombea binafsi, alama ya mtungi wa gesi